Bakteria wa Kutuliza Mkono

Jumatatu, 3 Juni
Mkata vitambaa mkuu wa karakana yetu ya ushonaji anastaafu! Ijumaa bosi atatupima, mimi na Chuma. Tunamwita Chuma kwa sababu mkono wake hautikisiki. Wangu je? Bosi akinitazama tu, mkasi unacheza wenyewe. Na mke wangu keshawatangazia majirani kwamba mkuu ni mimi. Nikishindwa, tuhame mtaa.

Jumanne, 4 Juni
Nimepona! Daktari kasema redioni kwamba bakteria wa tumboni wanapelekeana habari na ubongo kupitia mshipa wa fahamu, na huenda wanachangia wasiwasi. Kumbe woga wangu unakaa tumboni! Nikampigia dada, ambaye ni muuguzi. Kasema mtindi ni mzuri, ila nisitegemee miujiza ya siku tatu. Naye kwa kunikatisha tamaa! Nimenunua lita tano.

Jumatano, 5 Juni
Nimeuchemsha mtindi wote kwanza. Usafi muhimu! Umekatika mapande mapande, nikakoroga, nikanywa vikombe vinne. Mchana nikajikaribisha kwenye sahani ya Chuma, nikanywa na maji kwenye kikombe chake. Bakteria wake jasiri wahamie kwangu. Kaniuliza kama siku hizi nyumbani hatupiki.

Alhamisi, 6 Juni
Vikombe sita. Tumbo linanguruma kama cherehani mbovu. Wako kazini! Dada kapita, kaona sufuria, kacheka mpaka akakaa chini. Eti nimewachemsha bakteria wote, nakunywa maiti. Nikamwambia hata marehemu huacha wosia.

Ijumaa, 7 Juni
USHINDI! Kila mtu akate mgongo wa koti, bosi katusimamia. Tumbo langu likanguruma, karakana nzima ikasikia. Chuma akashikwa na kicheko, mkasi ukamteleza, kitambaa kikapasuka hadi kwenye kola. Mimi nilikuwa nimejibana, nataka kumaliza niwahi chooni. Kutetemeka hata sikukumbuka! Bosi kapima kipande changu mara mbili, kasema hakina kasoro. Mkuu ni mimi! Mke wangu kapiga vigelegele hadi sauti ikakauka.

Jumamosi, 8 Juni
Dada anadai nimeshinda kwa sababu nina miaka tisa kwenye meza ile, mkono unaijua kazi. Wivu tu. Leo bosi kanifokea mara mbili, maskini, hasira zile zote ni tumbo. Jumatatu naanza kumtibu. Sufuria iko motoni, inatokota vizuri.