Huruma Mbele ya Bosi

Jumatatu, 4 Mei

Habari njema! Msimamizi wetu wa karakana ya ushonaji anastaafu. Bosi ametukusanya katikati ya vyerehani na kutangaza kwamba mrithi atatajwa Ijumaa. Hataangalia vyeti. Anataka mtu mwenye akili ya hisia: anayejijua, anayejizuia, anayeelewa mwenzake ana nini moyoni. Nani kama mimi? Nina hisia nyingi kuliko karakana nzima. Jana tu nimelia kwa sababu ya mpira.

Labda mpiga pasi wetu wa nguo. Tunamwita Kimya. Neno lake la kwanza hutoka baada ya chai ya saa nne. Huyo hanitishi.

Nimeshampigia simu mama mkwe kumwambia cheo nimepata. Kwa nini nimcheleweshee furaha? Tangu nioe ananiita "huyo wa mkasi". Anakuja Jumamosi kuniona kwenye kiti changu. Mke wangu anasema nimekata mbeleko mwana hajazaliwa. Kukata ndiyo kazi yangu!

Jumanne, 5 Mei

Nimeanza kuelewa watu. Nimemwambia fundi wa cherehani kwamba naona ana hasira. Akasema hana. Nikamweleza kwa upole kwamba anayo, ila hajijui. Akasema tena hana. Nikamfuata dirishani, stoo, hadi mlango wa choo, nikimsihi akubali. Mwishowe akarusha bobini ya uzi ukutani. Nilijua! Bahati mbaya Bosi hakuwepo.

Kimya akaiokota ile bobini, wakaenda kukaa nje wote wawili. Kupoteza muda wa kazi tu.

Jumatano, 6 Mei

Leo nilisubiri Bosi apite kukagua. Dada wa vifungo alikuwa kainamia gauni la bibi harusi. Kanyamaza, midomo kaibana, macho mekundu. Huzuni tupu! Nikamshika bega, nikamwambia kwa sauti ya kufika getini asiweke moyoni, atoe yote. Akatikisa kichwa. Nikasema najua inauma, atoe tu. Akatikisa zaidi, macho yamemtoka. Nikampiga mgongoni kidogo, kindugu.

Akatoa yote. Pini! Zimetapakaa gauni zima. Moja imemchoma mdomo, tone la damu likadondokea hariri nyeupe. Hapo ndipo alipolia kweli.

Bosi akaniuliza kama mimi ni mgeni hapa. Haki yake. Kila mtu karakanani hubana pini midomoni, hata mimi. Lakini huruma ikipanda, nani anakumbuka pini? Kimya akampa dada kitambaa safi cha mdomo, kisha akalitoa lile tone kwa maji baridi na sabuni. Kujipendekeza kulioje!

Ijumaa, 8 Mei

Kimya. Kimya!

Bosi alipomtaja, watu walishangilia. Fundi wa cherehani alipiga mbinja. Nami nilipiga makofi, polepole, ili wajue. Imeniuma, sitaficha. Cheo basi, lakini mama mkwe je?

Nikajificha nyuma ya marobota ya vitambaa. Kimya akanifuata, akakaa kando yangu. Hakusema kitu. Akaendelea kutosema kitu. Nikajikuta namweleza yote: simu, kiti, "huyo wa mkasi". Hakucheka. Aliuliza tu mama anakuja saa ngapi. Mpelelezi!

Jumamosi, 9 Mei

Asubuhi niliandaa homa. Mama mkwe akanivuta mkono, twende.

Karakanani nikangoja kuumbuliwa. Kimya akamwekea mama kiti kando ya meza yangu ya kukatia. Akamwambia hapa hakishonwi kitu mpaka mkwe wake akate, na mkasi ukikosea, hakuna cherehani ya kuokoa. Dada wa vifungo, mdomo bado umevimba, akaitikia kwamba ni kweli. Ni kweli! Mbona sikuwahi kuambiwa?

Mama akauliza, basi msimamizi ni nani. Kimya akanitazama, akaniachia nijibu. Nikasema ni huyu.

Mama akasema alijua kwamba cheo sikuwa nacho. Binti yake alimpigia Jumatatu ile ile. Yeye alikuja kuniona nikikata. Nikakata, naye akatazama mpaka mwisho. Kisha akaniita mwanangu. Mara ya kwanza! Nimelia kidogo, bila mpira.

Jumapili, 10 Mei

Nimetafakari sana. Jana wakati anaondoka, mama mkwe alimtazama Kimya akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kumbe! Siri ndiyo hiyo. Huruma haimo kabisa. Mtu anafunga mdomo, cheo kinamfuata chenyewe. Mimi nilikuwa naropoka mno. Kuanzia kesho nitabana pini midomoni kutwa, hata kama sina cha kubandika. Mwaka hautaisha kabla kile kiti hakijawa changu.

Mke wangu amekuja kukaa kando yangu. Anasema kuna jambo linamsumbua, anaomba nimsikilize. Nimemwonyesha kwa kidole asubiri. Niko mazoezini, pini tayari ziko mdomoni.