Mgeni Rasmi wa Buswelu

Mtu mwenye roho nyepesi angelia siku ile pale Kirumba, Mwanza, kwenye duka la kopi. Deodatus hakulia. Alikuwa kwenye benchi akijifanya anasubiri zamu, masikio yapo kazini.

"Umechaguliwa, Atieno," alisema binti wa kompyuta. "Stashahada ya uuguzi. Ila mkopo umekosa, na chuo kinataka nusu ya ada kabla hakijafungua. La sivyo nafasi anapewa mwingine."

Atieno alikuwa muuza dagaa wa mwaloni, soko la samaki la ufukweni, mtoto wake Favour kambeba mgongoni. Baba wa Favour alikwenda Ukerewe kuvua, na mpaka leo bado anavua. Wengine wangeona msiba hapo. Deodatus aliona mtaji.

"Samahani, dada yangu," alimfuata nje. "Wewe ni singo maza?"

"Kwani nimeandikwa usoni?"

"Mungu kanileta. Naitwa Daktari Deodatus, Mfuko wa Mama Jasiri, wafadhili wetu wako Ujerumani. Wanawatafuta hasa watu kama wewe." Udaktari huo, msomaji, alijitunuku mwenyewe, tena bila mahafali. "Ada ya chuo yote juu yao. Wewe unatoa usajili tu."

"Mfadhili anayenipa hela anataka hela yangu?"

"Dada, mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Basi Atieno akainama. Akatoa mtaji wa dagaa, na kwa kuwa daktari alisema Wajerumani hawashughuliki na mtu mmoja mmoja, akawaleta na wenzake wa mwaloni, kina mama wanaolea peke yao wenye ndoto za chuo. Wote wakasajiliwa. Wote wakapigwa picha wakitabasamu.

Wiki iliyofuata Atieno alipeleka mzigo wa mtu Igoma. Akasikia sauti anayoijua nyuma ya ukuta wa kanisa. Ni daktari yule yule, maneno yale yale, ila huko wafadhili walikuwa wametoka Uholanzi. Hela ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni wenzake, maana yeye ndiye aliyewashika mkono akawapeleka.

Akaenda kumlilia Mama Specioza wa Buswelu, Mhaya muuza vitenge, mwenyekiti wa kina mama wa jumuiya.

"Shikamoo mama. Nimepigwa hela, na nimewapigisha wenzangu."

"Marahaba. Futa machozi kwanza, unamtisha mtoto." Akasikiliza mpaka mwisho. "Polisi tutakwenda, lakini wakimkuta hela keshakula, tutabaki na maelezo. Niambie, anapenda kuitwa daktari?"

"Mno! Usipomwita hivyo haitiki."

"Haa! Huyo anapenda na kipaza sauti. Mpigie, mwambie Buswelu tunafanya changizo la ada yako, na tunamwomba awe mgeni rasmi."

Ndugu zangu, huku kwetu mgeni rasmi hachaguliwi kwa uzuri wa sura. Anachaguliwa kwa uzito wa mfuko: yeye ndiye anayefungua changizo, na akitoa kidogo atasemwa mpaka kwenye misiba. Deodatus alilijua hilo fika, akaanza kujiumauma. Ndipo Mama Specioza akaichukua simu.

"Daktari, kuna wazee wa mabondo. Wamesema utakachotoa taslimu, wao wataweka mara kumi, na kapu zima utakabidhiwa wewe ulipeleke kwa wafadhili."

Mara kumi! Nani Mwanza hajui utajiri wa mabondo ya sangara, vibofu vya samaki vinavyouzwa ng'ambo kwa bei ya dhahabu? Deodatus hakulala. Hela za usajili zote alikuwa nazo, lakini mara kumi inataka mtaji mnene. Asubuhi akauza pikipiki yake.

Jumamosi akateremka Buswelu na suti ya kuazima, begi kwapani. Turubai limejaa, kina mama wa Kirumba pamoja na wale wa Igoma ambao Atieno alikuwa amewatafuta, na safu ya mbele wazee wa mabondo wamenuna kitajiri. Mkubwa wao aliitwa Luhaga. Kazi yake halisi, na ya wenzake wote pale, ilikuwa kubeba magunia mwaloni, lakini koti likimkaa mtu, nani atamuuliza?

"Mimi na wafadhili wangu," Deodatus alinguruma kwenye kipaza sauti, "tunaahidi..."

"Taslimuuu!" turubai likaitikia.

Akafungua begi. Vigelegele! Kina mama wakamzunguka wakicheza, wakampepea na khanga, wakamwita baba wa wajane. Kila akisita Luhaga anakohoa na kugusa mfuko wa koti, na Deodatus anaongeza. Alimaliza za usajili, akamaliza za pikipiki, kisha akavua kiatu akatoa kodi ya nyumba kwenye soksi.

"Mgeni rasmi ameona si haki mfadhili kutoza usajili," alitangaza Mama Specioza, "kwa hiyo anawarudishia." Akawaita kina mama mmoja mmoja, wa Kirumba na wa Igoma, kila mtu akapokea chake. "Na hii iliyobaki ni ya kwake binafsi. Mungu ambariki, inakwenda chuoni sasa hivi." Wakala wa pesa za simu alikuwa pale pale. Ujumbe wa malipo ulipoingia, ulisomwa kwenye kipaza sauti.

Atieno alikaa chini akalia kwa furaha, akimbana Favour mpaka mtoto naye akalia.

Deodatus akamgeukia Luhaga, jasho linamtiririka. "Wazee, na ninyi?"

Luhaga akasimama, akajikohoza kikubwa. "Sisi," alisema, "tunaahidi."

Turubai likalipuka kwa kicheko. Deodatus angesema nini? Kwamba ameibiwa alichoiba? Mama Specioza akamkabidhi kapu tupu kwa mikono miwili na heshima zote.

Alikuwa hajafika barabarani mzee mmoja wa Ilemela akamkimbilia, kofia mkononi.

"Daktari! Shikamoo! Nasi tunajenga zahanati kule kwetu, changizo ni Jumapili. Tunakuomba uwe mgeni rasmi!"

Deodatus hakuitikia hiyo shikamoo. Alikaza kapu kwapani akatimua mbio, na wasiojua wakampigia vigelegele wakidhani anawahi wafadhili.