Mafuta ya Mgando kwa Wakulima wa Mwani

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mapokezi, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Viti, masheikh na wachungaji, wazee wetu, shikamooni (Marahaba!), Bi Zuwena, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, pamoja na akina mama wenzako wote mlioacha kamba zenu baharini maji yakiwa yamekupwa ili mje kunisikiliza mimi, wadau wa maendeleo, wadau wa ngozi, na wote ambao sikuwataja lakini kivuli cha turubai kimewafikia, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bi Zuwena: "Maji yaja, bwana! Tugawie twende!")

Asante sana mama yangu kwa ukaribisho huo wa moyoni. Mimi, Kristofa, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Kufungia Unyevu Usoni Wakati wa Kulala, nimevuka mto kwa pantoni kuja huku kwenu, na sikuja mikono mitupu, maana hapa nyuma yangu mnayaona maboksi, na hapa mkononi mwangu mnaliona kopo. (Makofi mengi. Bi Zuwena hatoi macho kwenye kopo.)

Ndugu zangu, serikali yoyote makini haiwezi kulala usingizi wakati nyuso za wananchi wake zinalala kavu. Ndiyo maana timu yetu ya wataalamu, yaani mimi na dereva, ilifanya fizibiliti stadi ya kina kwa kupita ufukweni na gari, taratibu, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu za kitaalamu, na matokeo yalinitoa machozi: asilimia tisini na mbili nukta tano ya akina mama wana ukoko mweupe usoni, mkavu, wenye nyufa, na hiyo saba na nusu iliyobaki walikuwa wameligeuzia gari mgongo. Hata sasa nawaona safu nzima ya mbele, maskini, nyuso zimewaganda kama ukuta uliopakwa chokaa! (Kicheko kikubwa. Bi Saleha, wa safu hiyo ya mbele: "Liwa hiyo, mwanangu! Twajipaka kukinga jua!")

Liwa. Asante mama. Nimelipokea jina la ugonjwa kwa lugha ya wenyeji, na litaingia kwenye ripoti. (Kicheko. Mzee mmoja anashuka kwenye kiti chake akijishika mbavu.)

Sikuishia hapo. Kwa kuwa unyevu ni suala mtambuka, nilikwenda Amani, nikakaa kwenye ukungu wa ule msitu kwa ziara ya mafunzo, nikajionea kwa macho yangu jinsi majani yanavyoamka asubuhi yakiwa yamelowa bila kupaka chochote, na nikiri mbele yenu kwamba nililionea wivu jani. Kurudi nikapitia Muheza, nikala machungwa, ambayo nayo yana ganda, na ganda ndilo linalofungia maji ndani, na hapo ndipo rodimapu nzima ya programu hii iliponijia, chungwa la tatu likiwa mkononi.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Mafuta ya mgando hayaleti maji usoni, yanayazuia yasitoroke. Unapotaka kulala unaosha uso kwa maji safi ili chumvi ya bahari itoke, na kabla haujakauka unapaka tabaka jembamba, jembamba sana, unalala, basi. (Bi Zuwena: "Hayo twayajua toka kwa mama zetu. Mafuta ndiyo hatuna!") Sawasawa kabisa! Mimi mwenyewe leo, kwa ratiba kuwa ngumu, ile hatua ya kuosha niliiruka, ya kulala nikaifanya hapa hapa nilipofika, saa sita ya jua, na lile tabaka jembamba nikalifanya nene kwa heshima ya hadhara hii, na matokeo mnayaona. (Kicheko. Upepo umemjaza Mratibu mchanga uso mzima, na nzi wawili wamenasa shavuni.) Naam, furahini! Huo mchanga ni ushahidi kwamba kinachoingia hapa hakitoki!

Najua akina baba mna hofu kuhusu foronya. (Mzee Zubeiri: "Mito yateleza, bwana! Nimeamka kichwa kiko mchagoni, mto uko mlangoni!") Hofu yako imesikika, mzee wangu, na tutaunda Kamati Ndogo ya Foronya ambayo wewe utakuwa mlezi wake. Na ninyi akina mama, ninyi ambao mnashinda baharini maji yakiwa kiunoni mkifunga mwani, jua juu, chumvi chini, mkirudi mashavu yanawaka hata kucheka kunauma, nasema kila mmoja wenu atapata, si kopo, boksi! (Vigelegele. Bi Zuwena anasimama. Boksi la juu linapeperushwa na upepo, linavuka turubai, linaangukia kwa mbuzi.) Mnaona wenyewe wepesi wa teknolojia hii.

Kwa hayo machache, kwa kuwa naona bahari nayo imekuja kusikiliza, nasema: Uso mkavu! (Mtendaji, peke yake: "Kwaheri!") Unyevu! (Mtendaji: "Udumu!") Akina mama mbona kimya? (Bi Saleha: "Maji yamejaa. Maji kupwa ya bamvua yametupita tukikutazama wewe.")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bwana Juzer wa duka la jumla kwa kutuazima maboksi matupu, ambayo naomba yarudi kwake kabla hajafunga, pamoja na hilo analolitafuna mbuzi. Nawashukuru waliotushauri kwamba mradi ukishazinduliwa ni rahisi zaidi kuuandika na kuuombea bajeti, jambo ambalo tutalianza mara tu tukirudi ofisini. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bi Zuwena, ambaye nilipofika bila sampuli alinipa kopo lake mwenyewe, lile alilokuwa akilibania, kwa ahadi ya boksi zima. Mama yangu, kopo lako hili hapa, na niwe mkweli, limekwisha.

(Bi Zuwena anapanda jukwaani. Anachungulia ndani ya kopo, kisha anamtazama Mratibu usoni, kuanzia paji mpaka kidevuni, anapitisha kidole kimoja kwenye shavu lake, taratibu, anapuliza mchanga, anajipaka kwenye shavu la kwake.

"Niinamie, mwanangu," anasema. "Saleha, njoo nawe. Wengine pangeni foleni. Mradi wote upo hapa.")