Kigoda cha Babu na Profesa wa Mtwara

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeingia kwenye kongamano! Mimi, Nzivo, mchongaji wa Pumwani, niliyeishia darasa la saba, leo nimekunywa chai na maprofesa. Kongamano ni la kazi za mikono, katika chuo kimoja mjini, wiki nzima. Nilikuwa nimepeleka vigoda viwili vya kupamba jukwaa. Msichana wa mlangoni akaniuliza natoka wapi. Nikasema Pumwani. Akaandika "Dkt. Nzivo, Pumwani" kwenye kitambulisho, akanivisha shingoni. Sikumsahihisha. Si adabu kumsumbua mtu akiwa kazini.

Kwenye foleni ya chai nilisimama na Profesa Nandonde, ametoka Mtwara, Tanzania. Mama mfupi, miwani ya kamba. Kiswahili chake kimenyooka hata nikaona haya kufungua mdomo. Anaandaa maonyesho kwao mwezi wa Desemba. Anatafuta kitu kimoja cha mbao kutoka Nairobi, chenye historia, na kando yake ataweka kadi yenye jina la mwenyewe. Kadi! Yenye jina!

Nikamkumbuka Syombua. Mke wangu alipiga msasa kila nilichochonga kwa miaka thelathini na mmoja. Twiga, vifaru, vigoda. Alikuwa akiuliza kwa nini vitu vyetu vinapanda ndege bila majina. Nilimwahidi kimoja kitaenda na majina yetu sisi wawili. Alifariki mwaka juzi, mwezi wa Machi. Sikuwa nimetimiza.

Kwa hiyo nilimwambia Profesa nina kigoda cha mpingo cha babu yangu, cha mwaka wa 1924. Akafurahi sana. Alhamisi ni siku ya wageni kutembezwa mitaani. Atakuja kukiona.

Sina kigoda. Babu alikuwa mpishi wa reli. Lakini nina siku tatu!

Jumanne, 7 Oktoba

Kazi imeanza. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimechonga miguu mitatu kwa tezo. Mbao ni jakaranda. Mpingo siku hizi hata kuuona ni bahati. Jakaranda ni nyeupe kama mkate. Tatizo dogo.

Nilienda kwa Nafiso, jirani anayeuza viatu, nikaomba mikebe minne ya polishi nyeusi. Akauliza kama nimefungua shule ya bweni. Nikamwambia ni siri ya wasomi. Akasema, mzee, siri hiyo itakuganda mikononi.

Habari mbaya. Wageni watatembezwa na Odongo! Odongo wa kofia ya ukili, anayebeba mwavuli hata jua likiwaka. Huwaambia wageni karakana yetu ilifungwa zamani, huku tunagonga ndani, kisha huwapeleka kwenye duka la shemeji yake, mtaa wa Shauri Moyo. Nilimwomba kwa upole awapitishe kwangu. Alikuwa ameona kitambulisho changu. Akaniuliza kliniki yangu hufunguliwa saa ngapi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kigoda ni cheusi tii! Nimekisugua kwa majivu, nikakizika uani kwa saa tano nzima kipate uzee. Kuku wa Nafiso wamekifukua na kudonoa mguu mmoja. Bora zaidi. Sasa kinaonekana kimeishi.

Mikono yangu nayo imeiva. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya kipande. Bado.

Kuhusu Odongo: nimeandika kibao, NJIA IMEFUNGWA, na mshale wa kuelekea kwangu. Nitakiweka kwenye kona anayopenda kukata kushoto. Leo nilikijaribu dakika kumi. Waligeuka wenye mikokoteni sita, gari la maji, na msafara wa bibi harusi. Bibi harusi alinitazama vibaya. Lakini kibao kinafanya kazi!

Jioni nikasonga ugali kwa mwiko wa Syombua. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na mwiko umelika upande mmoja. Ukiushika kwa kulia unakukatalia, ugali unaruka mpaka ukutani. Nimezoea.

Alhamisi, 9 Oktoba

Odongo amekihamisha kibao! Amekiweka mlangoni pangu! Nilikuwa nimekaa ndani na shati la Jumapili, nikaona wageni tisa wakipita kwa heshima upande wa pili wa barabara. Nilishika tezo nikagonga gogo kwa hasira.

Hiyo hasira ndiyo iliyoniokoa. Profesa aliisikia tezo. Baba yake alikuwa mchongaji wa Kimakonde, na sauti hiyo anaijua tangu tumboni. Akawaacha wenzake, akakipita kibao, akaingia.

Nikamwonyesha kigoda. Alikiinua kwa mkono mmoja. Akakinusa. Kisha akasema, "Naomba beseni la maji, mzee wangu." Nilidhani anataka kunawa. Nikaleta, na taulo juu.

Akakitia kigoda majini.

Mpingo huzama kama jiwe. Kwao kila mtoto anajua, alinieleza baadaye kwa upole. Kigoda cha babu kilielea kama bata. Kikazunguka polepole, na maji yakawa wino. Odongo, aliyerudi kumtafuta mgeni wake, alichungulia mlangoni. Akapaza sauti, "Daktari, mgonjwa wako anaogelea!"

Nilitamani kuingia kwenye beseni mwenyewe. Nikasema ukweli wote. Jakaranda, polishi, kuku. Nikamweleza juu ya Syombua na ile ahadi. Profesa alikuwa amecheka mpaka akavua miwani, lakini nilipomtaja Syombua aliacha. Akauliza nimebaki na kitu gani alichokigusa. Nikasema hakuna, vyote viliuzwa, viko ng'ambo.

Nafiso, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote bila kualikwa, akasema, "Na ule mwiko, mzee?"

Niliuleta. Niliuchonga wiki ya harusi yetu kwa kipande cha jakaranda kilichobaki. Profesa aliushika kwa mkono wa kulia. Akatikisa kichwa. Akauhamishia kushoto, ukatulia. Akaniuliza, huyu mama alikuwa wa mkono wa kushoto? Niliitikia kwa kichwa.

Anautaka uende Mtwara. Nimemwambia nitajibu kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nimekoroga uji. Polepole, kwa mkono wa kushoto. Umeungua kidogo. Kisha nimeuosha mwiko, nikaukausha, sikuupaka chochote. Nimeupeleka chuoni ndani ya boksi la viatu la Nafiso.

Profesa alikuwa ameshaandika kadi. Mwiko wa jakaranda. Umechongwa na Nzivo, ukalainishwa na mkono wa Syombua kwa miaka thelathini na mmoja. Pumwani, Nairobi. Nikaomba jina la Syombua litangulie. Akaandika upya palepale, amesimama. Mwiko utarudi Februari. Na nimealikwa Mtwara kwenye ufunguzi! Nauli juu yao!

Msichana wa mlangoni amenipa kitambulisho kipya: Mzee Nzivo, Mchongaji. Kinapendeza kuliko kile cha kwanza.

Odongo alinisubiri nje. Wageni wanataka kuja karakana kesho, wamemsumbua. Akauliza kama nitawapokea. Nikamwambia kliniki hufunguliwa saa tatu.

Jumapili, 12 Oktoba

Wageni walikuja jana wote tisa. Profesa ameondoka leo. Kabla ya kuondoka aliniapisha mbele ya Nafiso: hakuna tena babu wa uongo. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa.

Nimechonga mwiko mpya. Unatii mno. Ugali hauruki popote, nakula nikitazama ukuta msafi. Februari si mbali.

Ila Profesa alitaja kwamba mwezi wa Machi kutakuwa na kongamano lingine hapa, na atakuja profesa wa Kampala, mtaalamu wa vigoda. Nami nina kigoda kizima, kimekaa tu. Ni dhambi kutupa kazi nzuri. Kosa lilikuwa moja tu.

Nimekitoboa kwa chini, nikajaza misumari na kufuli mbili mbovu, nikaziba kwa nta. Polishi mikebe miwili. Nafiso aliniuzia huku akitikisa kichwa.

Beseni. Maji. Kimezama! Kimezama moja kwa moja mpaka chini, kikatulia!

Nimekiongezea miaka mitano. Sasa ni cha 1919.