Mafuta Moto ya Nyar Obunga

(Hotuba ya uzinduzi iliyotolewa na Mwenyekiti Dalmas, karani mstaafu wa vipimo na mizani, nyuma ya kibanda cha chai cha Mama Benta, mtaa wa Kaloleni, Kisumu, Alhamisi ya mwisho ya Agosti 1996, saa tisa alasiri. Waliohudhuria: watu kumi na wanne na mashine moja ya gemu iliyofunikwa shuka.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Kaimu Naibu Mwenyekiti, ambaye pia ni mimi mpaka uchaguzi utakapoitishwa. Mama Benta, mwenye kibanda, mwenye mashine, mwenye benchi tunazokalia na mlezi wa kudumu wa Kamati hii. Bwana Dishon, fundi wa baiskeli na Kiongozi Rasmi wa Upinzani. Mama Seline, mkaangaji wa mgongo wazi kule Obunga, ambaye sura yake, sauti yake na karai lake ndizo sababu ya sisi kukusanyika. Dada yake Anyango, aliyefunga safari alfajiri kutoka Pap Onditi kuja kushuhudia. Katibu wetu Nelima, asiyeacha hata kikohozi nje ya kumbukumbu za mkutano. Mhandisi Mkuu wa Projekti, Bwana Khaemba, fundi wa redio, ambaye hayupo na udhuru wake umepokelewa. Wageni wa heshima mlioketi, wageni wa heshima mnaochungulia juu ya ua bila kununua chai. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikiwa imezingatiwa na nyingine ikiwa imezidishwa, hamjambo?

(Hatujambo! Sauti ya Seline: Hatujambo, fungua shuka.)

Shuka itafunguliwa, Mama. Kila jambo na wakati wake, na wakati wa shuka ni ajenda ya tisa, nasi tuko ajenda ya kwanza, sehemu ndogo ya (a), ambayo ni salamu.

Ndugu wananchi, kwa faida ya mgeni wetu Anyango, niruhusuni nitoe usuli. Ndani ya mashine ile mna wapiganaji wanane wa kwenye kioo, wote wageni, mmoja ana misuli mpaka masikioni, mwingine anapiga mateke huku amefunga macho, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonja samaki wa ziwa hili. Mwaka jana mwishoni mwa Agosti, Bwana Khaemba, akiwa kwenye kikombe chake cha pili, alisema kwamba huenda, narudia huenda, ikawezekana kumwingiza mpiganaji wa tisa, wa kwetu, wa kujitengenezea wenyewe. Mtu mwingine angesema “haya” na kumaliza mandazi yake. Mimi niliunda Kamati.

(Makofi. Dishon: Hakuna aliyekutuma, omera!)

Uongozi hautumwi, Bwana Dishon, uongozi hujituma. Na chini ya uongozi huu shupavu, wenye vizheni na misheni, Kamati imefanya vikao hamsini na viwili, subkamiti imefanya vikao sitini na moja kwa sababu ina watu wachache wasio na kazi, na Katibu amejaza daftari tatu za kurasa mia mbili. Tulifanya fizibiliti stadi. Tulihoji stekiholda kumi na wanne kuhusu mpiganaji awe nani, na kati ya hao kumi na wanne, kumi na tisa walimtaja Mama Seline, matokeo ambayo sijawahi kuyaona hata katika chaguzi za madiwani.

(Vicheko. Sauti kutoka uani: Uliwauliza wengine mara mbili mbili, Jakom, mwenyekiti wetu!)

Ndipo akazaliwa Nyar Obunga, yaani binti wa Obunga, kilo themanini na mbili, kanga kiunoni, karai mkono wa kushoto, na mkono wa kulia mgongo wazi, ile mifupa mirefu ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishapelekwa ng’ambo, ambayo wenye viwanda huiita taka na sisi huiita chakula cha jioni. Mchoro wake ule pale ukutani, umechorwa kwa kalamu ya Nelima na kupigwa muhuri na mimi mwenyewe. Najua muhuri unasema “Mizani Hii Imekaguliwa”. Ndio niliokuwa nao.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mpiganaji akiwa mnyonge, hakuna atakayemchagua. Akiwa na nguvu kupita kiasi, kila mtu atamchagua yeye tu, na gemu imekufa. Lazima awekwe sawa na wale wanane. Na ndugu zangu, katika Kisumu nzima, labda katika jimbo zima, ni nani aliyekula kiapo cha mizani kwa miaka ishirini na miwili? Ni nani aliyekamata kibaba chenye kitako cha uongo pale sokoni? Sisemi. Unyenyekevu unanizuia. Ni mimi.

(Makofi machache. Mama Benta: Dalmas, chai inapoa.)

Tulikwenda Obunga na mizani yangu ya mkono. Tukapima karai, kilo nne na robo. Kwa mujibu wa kanuni niliyoitunga palepale, kila kilo moja ni mapigo mawili, hivyo karai ni mapigo manane na nusu, na ile nusu mpaka leo hakuna anayejua inapigwaje. Tukapima mgongo wazi, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza, kwa maana mgongo mbichi una uzito na ukishakaangwa unakuwa mwepesi kama ufagio. Bwana Dishon akasema tutumie uzito wa uliokaangwa. Mama Seline akasema nani anapigana na samaki aliyeiva. Mjadala huo peke yake ulichukua Septemba, Oktoba na siku kumi za Novemba, na azimio lilikuwa kwamba mgongo uanze pambano ukiwa mbichi na umalize ukiwa umekaangwa.

(Seline: Adier, ni kweli! Hiyo maneno ilikuwa ya akili.)

Asante, Mama. Lakini jambo lililotugawa ni pigo lake kuu, Mafuta Moto, ambapo Nyar Obunga anayamwaga mafuta ya karai kutoka upande mmoja wa kioo hadi wa pili, hayarukiki, hayazuiliki, na kila mwago unakula theluthi nzima ya uhai wa mpinzani. Yaani akimwagiwa mara tatu, kwaheri. Bwana Dishon anadai yapunguzwe nusu.

(Dishon, amesimama: Nusu! Hiyo si kupigana, hiyo ni ajali! Seline, amesimama pia: Mafuta moto ni mafuta moto. Ukitoa nusu inakuwa chai. Sasa nikaange samaki na chai?)

Kaeni, waheshimiwa. Ni nani aliyefanya utafiti wa nyanjani kuhusu suala hili? Bwana Dishon alipodai kwamba mafuta yanaweza kuzuiwa kwa sinia, ni nani aliyeshika sinia? Tazameni mkono huu. Hapa, chini ya saa. Mwenyekiti aliungua kwa niaba ya Kamati, na Katibu aliandika neno nililosema, na baadaye nikaomba lifutwe, na Kamati ikapiga kura lisifutwe.

(Vicheko virefu. Sauti: Lisome, Nelima! Nelima: Siwezi, kuna mama yangu hapa.)

Kicheko mlichokicheka ni haki yenu. Nami nitawaongezea. Mimi, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Mizani ya Wapiganaji, nimecheza mashine ile mara mia mbili sabini na nne na sijashinda hata raundi moja. Kitufe cha kuruka sikijui. Mwaka mzima nimekuwa nikiamua nguvu za watu wanaopigana, na mimi mwenyewe napigwa nikiwa nimesimama wima kama mlingoti, tena na yule anayefunga macho.

Mjue pia gharama ya kiti hiki. Nilipoonekana naegemea kwa Bwana Dishon, Mama Seline aliniuzia mikia mitupu majuma sita. Nilipoonekana naegemea kwa Mama Seline, Bwana Dishon alikataa kujaza upepo gurudumu langu, nikaisukuma baiskeli mpaka nyumbani nikiwaambia watu nafanya mazoezi. Na leo kila upande umenitumia ujumbe. Mafuta yakipunguzwa, Seline anaondoka na watu wake saba. Yasipopunguzwa, Dishon anaondoka na watano wake. Piga hesabu yoyote upendayo, Alhamisi hii jua likitua, hakuna Kamati.

(Dishon: Kwa hivyo sema. Ni nusu ama si nusu?)

Naja huko, ndugu yangu. Kwanza niseme juu ya kupunguza, kwa sababu nalijua jambo hilo. Mwaka wa tisini na nne ofisi yetu ilipunguzwa. Nilipewa barua ya kustaafu mapema, barua ya heshima sana, yenye aya mbili na jina langu limekosewa. Sikuitwa kwenye kikao. Hakuna aliyebishana kama Dalmas apunguzwe nusu au robo, hakuna aliyepiga meza akasema mwacheni huyo alivyo. Siku moja nilikuwa naogopwa na kila mwenye duka, siku ya pili naulizwa na mke wangu mbona nimeshinda nyumbani kama paka. Mtaniwia radhi, hilo halikuwa kwenye hotuba iliyoandikwa.

(Mama Benta: Pole, Baba. Sauti kutoka uani: Fungua shuka sasa!)

Basi nikaja kunywa chai hapa, na Khaemba akasema lile neno lake la huenda. Na tangu siku hiyo kila Alhamisi nimepiga pasi shati. Mke wangu huniuliza naenda wapi, namjibu, “Kikaoni.” Hamjui neno hilo lilivyo tamu mdomoni mwa mtu aliyefutwa.

Lakini nimemwona Mama Seline akiingia leo. Amevaa kitenge kipya. Leo hakukaanga, ameacha biashara, amemleta dada yake kutoka Pap Onditi aje amwone ndani ya mashine. Nilikuwa nimetayarisha kurasa kumi na moja zaidi, zenye takwimu, nikitumaini kwamba jua litazama au stima itapotea kabla sijafika ajenda ya tisa. Kurasa hizo naziweka chini. Tupige kwanza salamu zetu za Kamati, kwa nguvu, kwani sijui kama mtanipigia tena. Nyar Obunga!

(Kaanga!)

Mizani!

(Sawa!)

Mgongo wazi!

(Hatulali njaa!)

Ahsanteni. Na sasa, ajenda ya tisa, shukrani na shuka. Namshukuru Mama Benta kwa kutuazima shuka ya kitanda chake. Namshukuru Katibu kwa daftari tatu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Khaemba, ambaye hakuwahi kunidanganya. Mwezi wa Machi alikuja nyumbani kwangu, akasimama mlangoni, akasema, “Mzee, nimeifungua ile mashine. Haiingizwi mtu. Ilifungwa kiwandani vile ilivyo. Nilisema huenda, sasa nasema haiwezekani.” Nikamwambia anyamaze mpaka Kamati iwe tayari. Akanyamaza wiki tatu, aibu ikamshinda, akarudi kwao Webuye. Udhuru wake ndio huo, na niliupokea peke yangu. Vikao ishirini na viwili vilivyofuata niliviitisha nikijua. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu niliirefusha kwa ajenda. Vuta shuka, Nelima.

(Shuka yavutwa. Mashine inawaka. Wapiganaji wanane, wale wale.)

Nyar Obunga hayumo. Hakuwahi kuwamo. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Seline, polepole: Nimeshona nguo, Dalmas.)

Naiona, Mama. Imekukaa vizuri. Nisamehe.

(Anyango anauliza kitu kwa Dholuo, dada yake anamjibu kwa kichwa. Mtu mmoja uani anaondoka. Mwenyekiti anakunja karatasi zake, anatafuta kofia. Dishon amesimama bado, mikono kiunoni, anaangalia mchoro ukutani.)

(Dishon: Jakom, hoja ya nidhamu.)

Sema, Bwana Dishon. Nimestahili.

(Dishon: Hujajibu swali. Ni nusu ama si nusu?)

Bwana Dishon, hakuna mpiganaji.

(Dishon: Hiyo nimesikia. Mimi nauliza mafuta. Wewe umekubali hayazuiliki, umeonyesha mpaka kovu, iko kwa daftari. Huyu mama hawezi kumwagia watu mafuta hivyo halafu tuende nyumbani tu. Seline, akigeuka: Yawa! Nani amekwambia ni nusu? Robo nilikuwa nafikiria, kwa sababu ya mgeni, lakini kwa hiyo mdomo yako hata robo hupati! Anyango, kwa Dishon: Hata robo ni nyingi. Karai ni yako?)

(Watu wanavuta benchi. Mama Benta anaongeza maji kwenye birika. Nelima anafungua daftari la nne.)

Tulieni. Tulieni, waheshimiwa. Mwenyekiti anavua kofia. Katibu, andika kwamba kworamu ipo, na kwamba mgeni kutoka Pap Onditi amepewa ruhusa ya kuchangia. Bwana Dishon, una dakika tatu.