Mkanda wa Kunolea na Kiti cha Mama Mkwe

"Panya, Mama," alisema Masharubu kwa mara nyingine. "Nyumba hii ina panya wa ajabu."

Mama mkwe wake hakuwa na haraka. Alikuwa amekigeuza kiti kikubwa cha marehemu mumewe, na kule mgongoni, ambako hakuna mgeni aliyewahi kutupia jicho, palikuwa na shimo refu lenye pembe nne zilizonyooka. Sponji ilichungulia nje kama ulimi wa mtoto mtundu.

"Panya wa kukata kwa rula?"

Masharubu alieleza kwamba dunia imebadilika, siku hizi hata panya wamesoma. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, aliinamia shati mpaka pua ikakaribia kuungua, ili mama yake asione anacheka.

"Ngozi ya ndama hii," alisema mama mkwe, akikipapasa kiti kama anayempapasa mgonjwa. "Nilikuahidi mbele ya mwanangu kwamba siku nikifumba macho ni chako. Sasa umeona nachelewa, umeanza kunirithi huku nakuangalia?"

Neno hilo lilimchoma. Masharubu alikuwa tapeli wa kuogopwa, ndiye aliyewahi kumkodishia mwenye mgahawa kivuli cha jengo la jirani. Lakini kwa ajili ya kiti hicho, tangu alipooa alikuwa akiishi humo kama mtumishi asiye na mshahara: kuziba paa, kuzibua mtaro, kubeba magunia, na kuitikia "ndiyo, Mama" hata pale ambapo hajaulizwa. Mwenzake aliyeoa binti mdogo alikuwa mtu wa salamu tu. Jasho lilikuwa la Masharubu, na kiti kilikuwa chake.

Mama mkwe alitoa hukumu bila kuinua sauti. Kabla jua halijatua ngozi iwe imerudi, au nyingine iliyo halisi kama hiyo. La sivyo begi la Masharubu litamngoja mlangoni, na kiti kitakwenda kwa mkwe mdogo, yule mwenye adabu. Halafu paa lilikuwa linavuja tena juu ya kitanda chake, akaongeza, ila hilo angemwambia huyo huyo mwenye adabu.

Masharubu aliomba radhi kwa niaba ya panya, akatokea mlango wa nyuma. Asichoweza kusema ni kwamba ile ngozi haiwezi kurudi. Ilikuwa imeshageuka kitu kingine, imeviringishwa kwenye gazeti nyuma ya pipa la maji.

Chanzo cha yote ni suruali. Kinyozi wa pale kona alikuwa amechoka kunyoa vichwa vya watu wanaoomba kupunguziwa bei, akaandika ukutani kwa rangi ya dhahabu kwamba sasa ananyoa waungwana, kwa wembe wa kukunja, ule wa enzi za mababu. Wembe kweli alikuwa nao. Mkanda wa kuunolea hakuwa nao. Kwa hiyo kila muungwana alipoketi, kinyozi alivua mkanda wa suruali yake, akaufunga kwenye kitasa cha mlango, akauvuta ukakaza, na kuupitisha wembe juu yake huku magoti ameyabana ili suruali isimkimbie. Masharubu alipita, akaona, akasimama kama mtu aliyeona pochi barabarani. Anayenoa kwa magoti, alijiambia, ana shida. Na mwenye shida hana maswali.

Ukweli usemwe, hata kama unamharibia jina: kazi ya kumtengenezea mkanda wa kunolea, ule wa kubandikwa ubaoni, aliifanya vizuri. Alitafuta ubao mgumu wa kitanda kilichovunjika, akaupiga randa, akauchonga mpini wa kujaa kiganjani, akausugua kwa msasa mpaka ukateleza kama sabuni. Akaipaka ile ngozi gundi, akaibandika, akaikandamiza chini ya ndoo za maji ili isivimbe. Kingo akazikata kwa kisu kikali. Angefanya kazi kwa moyo huo tangu ujana, leo angekuwa na karakana yake na wafanyakazi wa kuwadhulumu.

Palikuwa na mambo madogo yaliyopaswa kumshtua. Chini ya ngozi palikuwa na kitambaa kilichoshikamana nayo. Hilo alilihesabu kuwa ustadi wa mafundi wa zamani. Alipoipaka chai nzito ili izeeke, chai iliteleza yote ikamwagika miguuni pake, naye akatikisa kichwa kwa heshima: ngozi ya ndama haina tamaa, hainywi ovyo. Mwongo akishaamini jambo, hana wa kumwamsha. Akaipigapiga kwa kifungu cha funguo mpaka ikaonekana imeona mengi, na kwenye mpini akachoma, kwa msumari wa moto, herufi za mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Siku hiyo ya hukumu, basi, aliuchukua mkanda wake nyuma ya pipa akaenda nao kwa kinyozi. Hakusema anauza. Alisema anapita kuuaga mji, na kwamba mkanda huu ulikuwa wa kinyozi wa melini aliyemnyoa mfalme katikati ya dhoruba bila kumtoa tone la damu.

"Mfalme gani?" aliuliza kinyozi.

"Yeye mwenyewe alikataza kutajwa."

Kinyozi aliona hilo ni jambo la kifalme kabisa. Alijitahidi kuficha uchu: akasema mkanda ni mfupi, mpini ni mnene, ngozi imechakaa. Lakini mikono ilimsaliti. Kila Masharubu alipounyoosha mkono kuuchukua, kinyozi aliupeleka upande wa pili. Wakakubaliana bei ambayo kila mmoja aliiona ni wizi, kila mmoja kwa furaha yake.

"Ila sisi vinyozi tuna utaratibu," alisema kinyozi. "Anayeleta mkanda ndiye anayenyolewa nao kwanza. Nikikumaliza salama, nakulipa."

Masharubu hakutarajia. Masharubu yake, yale yaliyompa jina, ndiyo yaliyokuwa duka lake. Watu waliyaamini kabla hajafungua mdomo. Akataka rehani, na aliyoitaka ni ule mkanda wa suruali: mpana, mnene, ngozi isiyo na ubishi. Akishalipwa angetafuta maneno ya kubaki nao. Akikosa, basi angalau ana ngozi ya kumpelekea mama mkwe. Kinyozi, ambaye sasa alijiona mtu wa mikanda miwili, akauvua akampa. Masharubu akauzungusha shingoni, akajilaza kwenye kiti, akafumba macho.

Kinyozi akaupaka mkanda mpya dawa ya kung'arishia wembe, akabana magoti, akaanza kunoa. Alinoa kwa mbwembwe, mbele na nyuma, haraka haraka, kama anatazamwa na mfalme. Kukatokea harufu. Ilikuwa harufu ya beseni lililosahauliwa juu ya jiko, lakini kila mmoja alidhani ni ya mwenzake, akanyamaza kwa adabu. Wembe ukashuka kwenye mdomo wa juu, upande wa kulia. Haukukata. Ulinata, ukavuta, ukang'oa, na masharubu ya upande huo yakatoka kwa mafungu huku mwenyewe akizikumbuka dhambi zake moja baada ya nyingine.

Kinyozi aliuinua wembe kwenye mwanga. Ukingoni ulikuwa na utando mweusi unaovutika. Akaunusa, akaunusa na ule mkanda.

"Ndugu yangu," alisema, "hii ni plastiki."

"Haiwezekani," alisema Masharubu, machozi yakimtoka. "Nimeikata mwenyewe."

"Umeikata wapi?"

"Kwenye kiti cha mama mkwe wangu."

Maneno yalishatoka, na hayakuwa na njia ya kurudi. Wakatazamana kwenye kioo: kinyozi, na mleta mkanda wa melini mwenye nusu ya masharubu. Kisha Masharubu akaruka na kitambaa cha kunyolea kifuani, akatoka mbio. Kinyozi alimfuata mpaka kizingitini, hapo magoti yakaachana. Akabaki mlangoni pa waungwana, mkono mmoja wembe, mkono mwingine suruali, akitukana kwa sauti ndogo kwa sababu mteja alikuwa anakuja.

Njia nzima Masharubu hakuwaza habari ya kinyozi. Aliwaza paa, mtaro, magunia, na zile "ndiyo, Mama" zote. Aliingia sebuleni bila hodi na kumwambia mama mkwe wake, kwa adabu iliyokuwa ikitetemeka, kwamba kiti ni plastiki na yeye ameibiwa ujana wake.

Mama mkwe alimtazama upande wenye masharubu, halafu upande usio nayo.

"Mgongo ni plastiki," alisema. "Nani apoteze ngozi ya ndama mgongoni, mahali pasipoonekana? Ngozi iko mbele, unapokaa. Ungekata mbele ungejua."

Masharubu alikitazama kiti kwa mbele. Kiling'aa. Akasema kuna njia ya kuhakikisha: kuchoma kona kidogo na kunusa.

"Choma," alisema mama mkwe, akamsogezea kiberiti. "Ikiwa plastiki, nimekudanganya. Ikiwa ngozi, utakuwa umeunguza urithi wako kwa mkono wako. Kisha mkwe mdogo aje achukue kilichobaki."

Akaunyoosha mkono, akautoa ule mkanda shingoni mwake, akaunusa taratibu na kuukunja kwapani. "Hii sasa ndiyo ngozi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na kitu ambacho hajakiona siku nyingi. "Shimo la mgongoni nimekusamehe."

Masharubu alikishika kiberiti. Akakipapasa kiti: kilikuwa laini, baridi kidogo, jinsi ndama anavyopaswa kuwa. Nje kulinguruma.

"Unamwamini?" mkewe alimnong'oneza, pasi ikiwa hewani.

"Ngozi ya ndama ina mguso wake," alijibu Masharubu. "Wewe huwezi kujua."

Akakirudisha kiberiti mezani, akakigeuza kiti mgongo ukatazama ukuta, kisha akaenda uani, akaegemeza ngazi, akajaza misumari mdomoni kwa upande wenye masharubu, na kupanda juu ya paa.