Prosesa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza kustaafu. Karakana yake ya kudarizi nembo za sare atamwachia mkwe mmoja, na tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, yule aliyemuoa dada wa mke wangu. Muuza madirisha, hucheka kabla kichekesho hakijaisha. Mtihani: kijikompyuta kipya cha mashine ya kudarizi hakina programu, na karakanani hakuna intaneti. Atakayeifanya mashine ishone kufikia Jumamosi, funguo ni zake. Maskini mwanyumba! Mimi nina kompyuta. Yeye ana ngazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepakua pakeji zote za programu nyumbani, nikazitia kwenye flashi, nikaenda karakanani na tai. Kijikompyuta kimezikataa zote. Eti prosesa, ule ubongo wake, hailingani. Hailingani vipi, na mimi nimevaa tai? Mke wangu akasema huenda kile kina prosesa ya jamii ya simu, na kompyuta yangu imepakua pakeji za jamii yake yenyewe. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mimi. Kuna mkono wa mtu hapa. Mwanyumba alikuwa kando akinywa chai, tena kwa kikombe cha wageni!

Jumatano, 5 Machi
Nimezipakua upya. Zilezile, ila kwa utulivu zaidi. Zimekataliwa. Nikakilazimisha kijikompyuta kizipokee kwa nguvu. Kikazipokea! Kisha kikazima. Asubuhi nzima imeishia kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Mama mkwe akauliza kama nimeimaliza kazi au nimekimaliza chombo.

Alhamisi, 6 Machi
Mwanyumba kaja kuniomba ushauri. Mimi! Nikaona nimchimbie shimo. Kwenye mwongozo kuna amri moja ya kipuuzi: kabla ya kupakua, unaitajia kompyuta prosesa ya mashine nyingine kabisa, ile utakayoipelekea. Ni kama kwenda kununua viatu na kipimo cha mguu wa mtu mwingine. Nikamwandikia amri hiyo kwa mwandiko mzuri, nikamsindikiza hadi getini. Chakula cha jioni kimepanda kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Mashine imeshona. Nembo imetoka safi, simba ana hadi sharubu. Mwanyumba kanishukuru mbele ya familia nzima, akasema bila ushauri wangu angeumbuka. Mama mkwe akapiga makofi, kisha akampa funguo yeye. Nikalalamika kwamba akili ilikuwa yangu. Akaniuliza, kama nilijua, mbona sikufanya mwenyewe? Niliitaka sana karakana ile. Njia nzima mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu, na hilo limeniuma kuliko funguo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa langu ni wema uliopitiliza. Lakini mama mkwe kanionea huruma: ameniomba nimtafutie programu ya kutunza picha za wajukuu kwenye simu yake. Bahati iliyoje! Akifurahi, mwanyumba atarudisha funguo mwenyewe. Nimeshaanza kupakua kwenye kompyuta yangu. Mke wangu akauliza kama nimeitaja prosesa ya simu. Nimemshangaa. Mtego ule nilimtegea mwanyumba. Mama mkwe namheshimu, siwezi kumfanyia hivyo.